Kizuri Chajiuza? Siku Nilipoiuza Kamera ya Baba

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimewahi kuifunza darasani wakati wa mazoezi ya ualimu, nimeichambua katika mitihani, na nimeitumia mara nyingi kuwapa wenzangu ushauri ambao hawakuuomba. Kuijaribu sikuwahi. Niliijaribu mwaka jana, mwezi wa Julai, nilipolazimika kuiuza kamera ya marehemu baba yangu. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya na mijadala ya istilahi. Nawaomba basi wanivumilie nikisimulia habari za soko. Huenda mwishoni tukajikuta tumerudi palepale penye fasihi.

Kamera yenyewe ni Pentax K1000. Wajapani walianza kuiuza mwaka wa 1976 na ikaendelea kuundwa hadi 1997, muda mrefu mno kwa chombo cha aina hiyo. Siri ya maisha yake marefu ni kwamba haikuwa na makuu. Haimfanyii mtu chochote. Mpiga picha huzungusha lenzi mwenyewe hadi sura ionekane bayana, huchagua kasi mwenyewe, kisha hutazama sindano ndogo iliyomo ndani ya kioo cha kuchungulia. Sindano ikisimama katikati, mwanga unatosha, naye hubonyeza. Betri yake, iliyo ndogo kama kifungo cha shati, huilisha sindano hiyo tu. Betri ikifa, kamera huendelea kupiga, almuradi mwenyewe anajua kuusoma mwanga kwa macho. Aidha, haina swichi ya kuizima sindano hiyo. Dawa yake ni kuifunika lenzi ili gizani sindano itulie na betri isiishe. Baba alikuwa akituambia, kila alipomaliza kazi, "Mfunikeni naye alale."

Aliinunua mwaka wa 1989 kule Njoro kutoka kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao, akamlipa kwa awamu tatu kwa fedha za viazi. Kwa hiyo hata ilipofika nyumbani ilikuwa tayari ni mtumba. Kwa kamera hiyo alifungua chumba cha picha mtaani Bondeni, mjini Nakuru, akatundika ukutani pazia lililochorwa ziwa na heroe wa waridi. Ziwa lenyewe halikuwa mbali na pale tulipo, lakini liko ndani ya mbuga, na kuingia mbugani ni kwa kiingilio. Basi watu wa mji wa ziwa walikuja kupigwa picha mbele ya ziwa la rangi ya mafuta, na wakazituma picha hizo kwa jamaa zao Busia, Kitui na Murang'a kama ushahidi kwamba wanaishi pazuri.

Jumapili alihamia Bustani ya Nyayo. Shule zilipofungwa alipanda matatu akaenda Njoro, Elburgon na Molo kupiga picha za wanafunzi waliotuzwa. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila moja ilihesabiwa kama risasi ya mwindaji maskini. Mteja alilipa nusu, salio akalitoa picha zilipoletwa. Filamu ilipelekwa kuoshwa katika maabara moja mjini, ikarudi na negativu zilizokatwa vipande vya picha nne nne. Vipande hivyo Baba alivitia katika bahasha, bahasha akazipa namba, na namba akaziandika katika daftari: jina, mahali, tarehe. Mimi niliyezaliwa mwaka wa 1997 nilijifunza kusoma tarakimu katika daftari hilo kabla sijaanza chekechea.

Yaliyofuata yanajulikana. Simu zikapata macho, kila mfuko ukawa na kamera, na kampuni ya Kodak, ambayo filamu zake tulizinunua kwa dazeni, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Januari 2012. Baba akabaki na picha za vitambulisho na za matanga. Alifariki mwaka wa 2016. Mama akaivika kamera leso yake moja, akaitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga fundo na kuuweka juu kabisa kabatini. Hapo ilikaa kwa miaka.

Mwaka jana, nikiwa nimekamilisha kuandika tasnifu yangu ya uzamili, nilikuwa na deni la karo la shilingi 31,000. Bila kulilipa, tasnifu isingepokewa. Niliuliza huku na huko, nikaambiwa kwamba vijana wa siku hizi, wa Nairobi na hata wa London, wamezirudia kamera za filamu kwa shauku ya ajabu. Nilimwendea Mama kwa woga. Akanitazama kisha akasema, "Iuze, mwanangu. Baba yako aliinunua ili mle na msome. Ikikusomesha mara ya pili, ina kosa gani?"

Hapo ndipo nilipokutana na tatizo la lugha. Nilikaa na kalamu kutwa nzima nikitafuta maneno ya tangazo la mistari minne. Niiite kamera "kuukuu"? Neno hilo linanuka umaskini. "Chakavu"? Hiyo ni kuitukana. "Ya zamani" ni neno la wenye nyumba za makumbusho. Nikabaki na "iliyotumika", nami nikaanza kuistaajabia kauli hiyo ya kutendeka: imetumika na nani, kwa nani, mara ngapi? Fauka ya hayo, msamiati mzima wa kazi hii ulinirudia kwa sauti ya Baba. Sisi Waswahili picha tunaipiga, kama tunavyopiga ngoma, pasi, simu na magoti. Kisha tunaiosha, kama mtoto mchanga. Wasiowahi kuiona filamu ikitolewa kwenye dawa na kupitishwa katika maji hudhani kitenzi hicho ni cha mzaha, ilhali ni maelezo sahihi ya kazi.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niandike "kama mpya". Kabla ya kuandika hivyo niliona niikague. Nilifungua mlango wa nyuma: sifongo nyembamba inayozuia mwanga ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama lami, ikaninasa vidole. Nikaweka kasi ya sekunde moja, nikabonyeza, nikahesabu. Pazia dogo la ndani lilichelewa kujifunga kama mtu anayesita kuaga. Kisha nikamulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Pembeni mwa kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui. Ilikuwa kuvu. Kuvu hupenda giza, unyevu na mahali pasipopita hewa, na sisi tulikuwa tumempa yote matatu ndani ya fundo la plastiki. Leso ya Mama, iliyofungwa kwa mapenzi yote, ndiyo iliyoilea.

"Usitaje," alisema yule rafiki. "Mnunuzi ana macho yake."

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Hata hakuchungulia ndani. "Dada, hii siku hizi ni pambo," alisema, akanipa bei ya shilingi 4,000. Nilikataa. Wa pili alikuwa kijana kutoka Gilgil, wa umri wa miaka 22 hivi, aliyejifunza upigaji picha peke yake. Aliishika kamera kwa mikono miwili. Alinikumbusha jinsi Baba alivyoshika watoto wa watu. Nilikuwa nimemwomba shilingi 16,000. Alipotaka kuhesabu fedha, ulimi ulinitoroka: "Kaka, kabla hujalipa, mulika lenzi pembeni. Ina kuvu. Na kasi za chini zinachelewa." Akamulika, akanyamaza, akahesabu upya. Tuliafikiana shilingi 11,500. Ukweli ulinigharimu shilingi 4,500, na sitadanganya kwamba haukuniuma.

Akiwa anainuka aliiona mikebe mitatu ya biskuti chini ya meza, akauliza kilichomo. Nikamfungulia. Aliinua kipande kimoja cha negativu dhidi ya dirisha, akaona bibi harusi mweusi kwa mavazi na mweupe kwa uso, kama negativu zinavyopindua dunia. Akatazama cha pili na cha tatu. Kisha akasema, kwa sauti ya heshima, kwamba angependa kuinunua mikebe yote kwa shilingi 25,000. Alitaka kuzisafisha picha na kufanya maonyesho ya Nakuru ya zamani. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: deni lote lingekwisha, na nauli ikabaki. Nikamwomba siku mbili.

Usiku huo Mama hakunikataza. Aliniuliza tu kama namkumbuka yule mama wa Molo.

Nilimkumbuka. Nilikuwa na umri wa miaka 10. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Bonde la Ufa liliwaka moto, na mwishoni mwa Januari 2008 moto huo ukaingia Nakuru na Naivasha. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini kabla na baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 28 Februari. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, ambako tulikuwa tumezoea kwenda kuangalia ng'ombe wa tuzo, ukajaa mahema ya waliofurushwa. Kutoka katika mahema hayo, yapata Aprili, watu walianza kuja kwa Baba. Nyumba zao zilikuwa zimeteketea, na humo ndani picha zao zote.

Yule mama wa Molo alikuwa amefiwa na mwanawe kwa maradhi mwaka wa 2005. Picha pekee ya mtoto huyo, aliyopigwa siku ya kutuzwa shuleni, ilikuwa imeungua pamoja na paa. Alikumbuka muhula, hakukumbuka tarehe. Baba alikesha siku mbili na daftari na taa. Alipoipata bahasha aliipeleka maabara, akalipa kwa fedha yake mwenyewe, na yule mama alipopewa picha hakuitia mkobani. Aliifunga katika pembe ya leso, mahali ambapo wanawake hufunga pesa. Wakaja wengine, wa jamii hii na wa jamii ile, hata wa zile zilizokuwa zimetazamana kwa mapanga. Daftari la Baba halikuwa na safu ya kabila. Lilikuwa na jina, mahali na tarehe.

"Sasa akirudi," Mama alisema, "tutamwambia mtoto wake tumemuuza?"

Sikuwa na jibu. Niliitazama tasnifu yangu pale mezani. Inahusu masimulizi ya wazee wa Nakuru na viunga vyake. Ndani yake mna sauti za watu 19 walionieleza mambo mazito, na kwa kila mmoja nina fomu ya idhini iliyotiwa saini au kidole. Nilikuwa nimelalamika sana kuhusu fomu hizo, nikiziona urasimu mtupu. Usiku ule nilizielewa. Mzee anayenipa hadithi hanipi ruhusa ya kuiuza kwa mpita njia, hata kama mpita njia huyo ana nia njema. Wateja wa Baba nao walilipia picha yao. Negativu ilibaki kwetu kama amana, na amana haipigwi mnada.

Nilipompa yule kijana jibu langu hakukasirika. Ila aliniuliza swali ambalo limenikaa kooni hadi leo: "Sawa, dada. Lakini zikiozea humo mkebeni zitamfaa nani?" Alisema kweli. Ile kuvu iliyoingia katika lenzi haichagui. Negativu nazo huzila. Kuhifadhi kwa kufungia tulikwisha kukujaribu, na tumeona matokeo yake.

Kijana alilipa, akaivaa kamera shingoni. Nikamwambia afunike lenzi kila anapomaliza. Akaniuliza sababu, nami badala ya kumweleza habari za sindano na betri nikasikia kinywa changu kikisema, "Ili alale." Alicheka kidogo. Akaifunika.

Mama alichukua shilingi 10,000 katika chama chao cha akina mama. Pamoja na fedha za kamera nilifikisha 21,500. Zilizobaki, 9,500, sikuzipata kwa wakati, na tasnifu ikachelewa. Wenzangu niliosajiliwa nao wamekwisha kuvaa majoho. Mimi nitayavaa nyuma yao, Mungu akipenda. Nayasema haya ili asije mtu akadhani kwamba uamuzi wangu ulilipwa thawabu papo hapo kama katika ngano tunazozihakiki.

Kuhusu ile methali, nina shaka nayo sasa. Kizuri hakijiuzi, huuzwa na mtu, na mtu huyo ndiye anayeamua aseme nini na afiche nini. Na vipo vizuri ambavyo havistahili kujiuza wala kutembezwa.

Mikebe nimeitoa chini ya meza. Kila Jumamosi nazihamisha bahasha kumi kutoka kwenye plastiki hadi kwenye karatasi kavu, nazipiga picha kwa simu dhidi ya dirisha, na kulinakili daftari. Nimefika mwaka wa 1994. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo watoto wa Njoro, Elburgon, Molo na Nakuru. Ukifika likizo nyumbani, geuza picha za ukutani uangalie migongoni: ikiwa kuna mhuri wa samawati wenye mchoro wa heroe na namba iliyoandikwa kwa kalamu, ifahamu kwamba negativu yake tunayo. Na ikiwa kwenu ukuta ulibaki mtupu tangu 2008, njoo na jina, mahali, na tarehe kama waikumbuka. Tutaitafuta. Hakuna malipo.