Baba Alipoficha Mandolini Uvunguni

Saa nne usiku, nyumba moja ya Marangu, mkoani Kilimanjaro, imetulia. Wajukuu wamelala. Sebuleni amekaa mwalimu mstaafu wa hisabati mwenye miaka 63, hedifoni masikioni, mandolini ya umeme mapajani. Ukipita karibu yake husikii muziki. Unasikia tik, tik, tik tu, kama kuku anayedonoa punje sakafuni.

Na kuku ndio walioleta ugomvi.

Mzee alipostaafu akiwa na miaka 60, watoto wake wanne walijadiliana kwenye kundi lao la WhatsApp na kumpangia maisha: sehemu ya kiinua mgongo ijenge banda, aanze na vifaranga 300. Mwenyewe aliulizwa mwishoni. Akajibu, "Sawa, wanangu."

Banda halikujengwa. Krismasi ya mwaka uliofuata, binti yake wa kwanza alifika kutoka Dar es Salaam, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kukuta migomba tu. Sehemu ya fedha ile mzee alikuwa amemtumia mpwa wake aliyekuwa masomoni Ujerumani, naye akarudi na mandolini.

"Baba, kwa umri huu? Watu watatuonaje?" binti alisema, tena mbele ya wageni.

Mzee hakujibu. Usiku ule aliifunga mandolini kwenye mfuko wake, akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Binti alikuwa amesahau jambo alilokua akilisikia kila Jumapili. Kwa zaidi ya miaka 30, baba yake alipuliza tarumbeta katika bendi ya usharika wao wa Kilutheri. Humo ndimo alimojifunza kusoma noti na kuzipenda tenzi za Kijerumani ambazo Bach alizipangia sauti nne. Meno yake mawili ya mbele yalipong'olewa na kuwekwa ya bandia, midomo haikushika tena tarumbeta kama zamani. Sauti ikawa inakatika. Akaacha kimyakimya, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mandolini haihitaji meno. Shingo yake ni fupi, vidole havilazimiki kutanuka sana. Nyuzi zake hupangwa kwa sauti zilezile za fidla, hivyo anayesoma noti anaweza kupiga mengi yaliyoandikwa kwa fidla. Vivaldi na Beethoven waliitungia muziki wake wenyewe. Na hii ya umeme, yenye mbao nzito isiyo na uwazi ndani, haitoi kelele bila spika. Mtu anaweza kukosea usiku kucha asimwamshe mtoto.

Miezi mitatu baada ya Krismasi ile, mama alipiga simu Dar es Salaam.

"Baba yenu siku hizi analala saa moja na nusu. Asubuhi anakaa barazani hadi jua linamfuata. Chakula anasema baadaye. Zamani nilimlalamikia kwa ile tik tik yake. Sasa kimya chake ndicho kinachoninyima usingizi."

Pasaka binti alipanda basi. Njia nzima alitafuta maneno ya kuomba msamaha, asiyapate. Alipofika, alimwamkia baba yake, akakaa chini karibu naye, akasema, "Baba, naomba nisikie."

Mzee alimtazama kwa muda, kisha akaenda chumbani. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Alizikaza moja baada ya nyingine. Akachomoa waya wa hedifoni, akaunganisha spika ndogo. Akapiga minueti moja fupi. Alikosea mara mbili, akarudia. Mara ya tatu akaimaliza.

"Hii watu walidhani ni ya Bach, kumbe ni ya Petzold," alieleza, sauti ya ualimu ikimrudia. "Imo kwenye daftari la muziki la Anna Magdalena, mke wa Bach, la mwaka 1725. Lilikuwa daftari la nyumbani, mwanangu. La kupigiana wao wenyewe."

Binti alielewa. Si kila kitu anachoshika mstaafu ni lazima kiingize fedha.

Mandolini si dawa. Mzee bado anameza vidonge vyake vya presha na kwenda kliniki kwa tarehe zake. Mwanzoni nyuzi za chuma zilimuumiza ncha za vidole, kwa hiyo hupiga dakika 20, akapumzika. Sauti ya hedifoni huiweka chini, maana sauti kubwa ya muda mrefu huharibu masikio, na ya mzee hayana ya kupoteza. Lakini anakula kwa wakati, na jioni ana jambo linalomsubiri.

Kama mzazi wako anakaribia kustaafu, kabla ya kumpigia hesabu za vifaranga, muulize alichokuwa akikipenda kabla hujazaliwa. Muulize pia ni kitu gani aliacha, na kwa nini. Huenda jibu likagharimu fedha kidogo kuliko banda.

Usiku ule wa Pasaka binti alirekodi dakika moja ya minueti na kuituma kwenye kundi la familia bila maelezo. Mdogo wake wa Mwanza aliuliza, "Dada, hiyo ni redio gani?"

Akamjibu, "Ni Baba."