Dubai ni Saa Moja, Nyamira ni Siku Nzima

Hapa Doha, Qatar, ukimuuliza mtu Dubai iko umbali gani, hakutajii kilomita. Atakwambia ni saa moja na dakika chache angani. Ni kama kilomita 380 juu ya Ghuba. Mgeni hubabaishwa na tiketi tu, kwa sababu saa ya Dubai iko mbele kwa saa moja: unaondoka saa mbili asubuhi na kutua saa nne na ushei, kisha wakati wa kurudi unaonekana umesafiri dakika chache. Saa ya Doha ni ile ile ya Kisii, na hilo ni faraja kubwa kwetu tunaopigia mama simu jioni.

Sasa tazama nyumbani. Ndege ikinyoosha kutoka Nairobi hadi Kisii, ni kama kilomita 240, pungufu ya hizo za Dubai. Lakini kwa barabara tunazunguka Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, zaidi ya kilomita 300, na saa sita au saba ni safari njema. Ndiyo maana anayekungoja hakuulizi utafika saa ngapi. Anauliza, "Umefika wapi?" Ukisema Narok, anaendelea na kazi zake shambani. Ukisema umevuka Chebilat, umeshaingia Borabu, kaunti ya Nyamira. Ukisema Keroka, chai inabandikwa jikoni. Naupenda upimaji huu. Tiketi inaahidi saa kabla hujaondoka. Jina la mji linasema kweli kuhusu ulipo, hata kama lori limeanguka njiani.

Na hata zile dakika za Dubai si za kudumu. Juni 2017 Saudi Arabia, Imarati, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar na kufunga anga zao. Hadi Januari 2021, aliyetaka kwenda Dubai alipitia Muscat au Kuwait, akabadilisha ndege, na safari fupi ikala sehemu kubwa ya siku. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Sisi Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, hatukuhitaji kufundishwa jambo hilo: mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, mapigano yalipozuka mpakani mwa Borabu na Sotik, barabara yetu ya Nairobi haikupitika kwa amani. Umbali wa kweli kati ya miji miwili huamuliwa na majirani walio katikati.

Doha hadi Nairobi ni kama saa tano. Yaani kuvuka Bara Arabu, Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika huchukua muda mfupi kuliko kutoka Nairobi hadi kijijini. Anayewahi mazishi huhisi uchungu wa hesabu hiyo. Wengi wetu hukata tiketi ya kuunganisha hadi Kisumu, chini ya saa moja angani, kisha gari kupitia Ahero, Sondu na Oyugis, zaidi ya kilomita 100. Ilhali kiwanja cha ndege cha Suneka kiko karibu kabisa na mji wa Kisii. Nataka kiwe na ndege za ratiba ya kila siku, kwa nauli ambayo mwalimu wa Nyamira na mhudumu wa hoteli wa Doha wanaimudu.