Dawa isiyofika kifuani

Jamaa yenye mtoto wa pumu huujua usiku ule: kifua chapiga mluzi, mabega yapanda na kushuka, na mama halali. Dawa imenunuliwa kwa fedha nyingi, mtoto ameivuta. Mbona hapati nafuu?

Sisi tuliongoja zamu yetu katika duka la dawa tuliona sababu mojawapo. Mfamasia hakumkabidhi mama kile kichupa cha kuvuta, ambacho wengi wetu twakiita pompi, na kumwambia aende zake. Alisema: «Mama, kwanza anionyeshe anavyovuta.» Mtoto akabonyeza, na baadaye ndipo akavuta, upesi kama anayenusa. Dawa nyingi ikabaki ulimini na kooni.

Ndipo mafundisho yakaanza. Ondoa kifuniko, tikisa. Toa pumzi taratibu. Funga midomo sawasawa juu ya chombo. Anza kuvuta, na papo hapo bonyeza mara moja, ukizidi kuvuta polepole mpaka mwisho. Zuia pumzi, ukihesabu mpaka kumi. Ngoja nusu dakika kabla ya kurudia. Mtoto akarudia mara tatu. Mteja mmoja akanung'unika kwa kukawia.

Vichupa hivyo vyauzwa tangu mwaka wa 1956, na hata katika nchi za mali wengi huvitumia vibaya. Ubelgiji, tangu mwaka wa 2013, bima humlipa mfamasia kwa kuketi na mgonjwa wa pumu na kumfundisha. Huyu wetu hakudai hata faranga moja.

Mtoto mdogo hawezi kupatanisha mkono na pumzi. Waganga wa Cape Town walionyesha mwaka wa 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vema kuizunguka pompi, yafaa sawa na chombo cha kiwandani. Pompi hubonyezwa, na mtoto hupumua kwa utulivu kwenye mdomo wa chupa.

Basi, ukienda kununua, nenda na mtoto na pompi yake, umwombe mfamasia atazame. Lakini akishindwa kunena kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje kupambazuke: mpeleke hospitali, ukizidi kumpa dawa ya nafuu njiani.