Ukikata, Usiondoke

Nyuma ya nyumba ya usharika upo mwaridi alioupanda mke wangu tulipohamia hapa. Mwanzoni niliogopa kuupogoa. Ukarefuka, ukajaa majani, maua machache. Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa, akanishikisha mkasi.

“Mchungaji, anza na matawi makavu. Kisha kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Ua huja kwenye chipukizi jipya.” Tulipomaliza akaleta ndoo ya samadi iliyooza, akaitandaza kuzunguka shina, akamwagilia maji. “Ukikata, usiondoke.”

Neno hilo lilinichoma. Miezi michache nyuma tulimtenga na Meza ya Bwana binti wa kwaya aliyepata mimba. Nilisoma tangazo ibadani, nikafunga kitabu, wala sikufika kwao hata siku moja. Yohana 15 niliisoma chuoni kwa Kigiriki. Nilikumbuka kukatwa kwa matawi, nikamsahau Mkulima mwenyewe, asiyeliacha shamba lake.

Jioni ile nilikwenda. Mama yake alinifungulia mlango kimya. Binti alikuwa akimnyonyesha mtoto. Nilimwomba msamaha, hakujibu.

Baada ya majuma saba hivi mwaridi ulichanua. Binti bado hajarudi kanisani. Nami bado ninakwenda kwao kila Jumatano. Wapendwa, tuombeane.