Kabla ya kununua kadi mpya, pima kwanza

Ndugu zangu, wengi mmeisikia kompyuta yangu ikiunguruma usiku mkaniuliza inafanya nini. Inajitolea. Programu ya bure iitwayo BOINC hupokea vipande vya hesabu kutoka kwa watafiti, kompyuta inavipiga, kisha inarudisha majibu kwa intaneti. Nilijiunga kwa ajili ya mradi wa mvua ya Afrika wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, ulioanza 2019. Unachunguza zile mvua zinazolowesha shamba lako na kuliruka la jirani. Kazi hizo hufanywa na prosesa. Kadi ya grafiki, niliyonunua ya mtumba, niliipa kazi za Einstein@Home za kutafuta nyota ziitwazo pulsa.

Agosti kadi ikaanza kusuasua. Kazi iliyokuwa ikiisha kwa dakika 40 ikachukua zaidi ya saa mbili. Kazi ikipita tarehe yake hupewa mtu mwingine, na uniti zako za luku zimekwenda bure. Fundi akasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Nikahesabu pesa niliyotenga kwa mbolea ya kupandia. Kabla ya kulala nikajiona mjinga. Si mimi ninayewakataza kumwaga urea kwenye mahindi ya njano kabla ya kujua kama ni upungufu wa naitrojeni au maji yaliyotuama?

Nikapakua GPU-Z, nayo ni ya bure, nikaangalia mambo mawili: joto la kadi na asilimia ya matumizi yake. Joto likiwa juu ya nyuzi 80 na spidi inashuka, kadi inajikinga isiungue. Hapo zima, chomoa umeme, puliza vumbi huku umeshika feni isizunguke. Lakini yangu ilikuwa na nyuzi 52, matumizi 20%. Haikuwa na joto, ilikuwa na njaa.

Kadi haijilishi yenyewe. Prosesa ndiyo huiandalia kazi. Ni kama mashine ya kusaga: mota inazunguka, lakini mmiminaji mahindi ameitwa kwingine. Nikakumbuka kwamba mwezi huohuo niliruhusu kazi za mvua zichukue viini vyote vinne vya prosesa. Tamaa yangu mwenyewe.

Kwenye mipangilio ya BOINC nikapunguza matumizi ya prosesa kutoka 100% hadi 75%, kiini kimoja kikabaki cha kuilisha kadi. Asubuhi matumizi yalikuwa yamepanda hadi 90%, na kazi zikarudi kwenye dakika 40. Kazi za mvua zimepungua kidogo, lakini zote zinarudi kwa wakati.

Nanyi wenye steshenari, kompyuta ikichoka msikimbilie dukani. Uliza kwanza: ina joto, au ina njaa? Mimi mbolea yangu iko stoo, nasubiri mvua.