Kungoja Bila Kumsukuma Mwenzako

Neno la kusoma kabla ya mazungumzo: Luka 18:1-8



Mwaka 2023 sisi wa kikundi cha Keshero tulingoja gari miezi mitano. Halikuwa limeibwa, wala injini yake haikuwa imekufa. Lilikuwa limepondwa ubavu tu. Tunawaandikia habari hii kwa sababu katika miezi ile tulitenda kosa ambalo hatujawahi kulisimulia mbele ya watu, na kwa sababu mji wetu wa Goma sasa una Mwenyeheri aliyetusaidia kulielewa.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la viti tisa, zawadi ya marafiki wa mbali. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lilikwenda katika kambi ya Bulengo, magharibi ya mji, kuwachukua wagonjwa miongoni mwa ndugu waliokimbia vita, likawapeleka hospitalini na kuwarudisha. Mwezi wa Machi, kwenye barabara ya Sake, lori lililokuwa likirudi nyuma lilitugonga ubavu wa kulia. Hakuna aliyeumia, tukamshukuru Mungu. Lakini mlango wa kuteleza ulikunjika katikati, reli yake ikapinda, na bati lililo nyuma yake likaingia ndani. Gari lisilofungika mlango halibebi mgonjwa.

Mafundi wetu wa mjini wangeweza kulinyoosha bati lile kwa nyundo, wakalipaka puti na rangi, na kutukabidhi gari baada ya wiki moja. Lakini waliotupa zawadi walikuwa wameweka sharti: maadamu dhamana haijaisha, kila tengenezo lifanywe na wakala wa kiwanda. Wakala huyo hakuwako Goma. Alikuwa Kigali, ng'ambo ya mpaka, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu.

Basi mwanzoni mwa Aprili tuliufunga mlango kwa kamba, tukachukua kadi ya njano ya bima ya COMESA, tukaomba kibali cha kuliingiza gari nchini Rwanda kwa muda, tukapita Grande Barrière. Garajini walitupokea kwa heshima. Walipiga picha, wakaandika, wakatuambia: siku kumi.

Siku kumi zilipita, kisha ishirini. Kila tulipopiga simu tulijibiwa kwa sauti ileile ya upole: wiki ijayo. Tukaamua kwenda wenyewe. Mnakumbuka kwamba tangu Juni 2022 mpaka ulikuwa ukifungwa saa tisa alasiri. Mtu aliyetaka kwenda Kigali na kurudi siku hiyohiyo alipaswa kuwa mpakani alfajiri, afike Kigali karibu saa nne, na kabla ya saa tano na nusu awe amepanda basi la kurudi. Kwa hiyo tulisafiri karibu saa saba, kwenda na kurudi, kwa mazungumzo yasiyofika saa moja.

Safari ya kwanza tuliambiwa kwamba mkaguzi wa kukadiria uharibifu hajafika. Safari ya pili tuliambiwa kwamba mlango umeagizwa ng'ambo na uko njiani. Safari ya tatu mlango ulikuwa umefika, nasi tulifurahi mpaka tulipoonyeshwa. Ulikuwa mlango wa magari ya nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania, ambako abiria hushukia kushoto. Sisi Wakongo, kama jirani zetu Wanyarwanda, tunaendesha upande wa kulia, na abiria wetu hushukia kulia. Mlango ule haukuweza kuingia katika gari letu kwa namna yoyote. Ilibidi kuagiza upya.

Wakati huohuo, wagonjwa wa Bulengo walikuwa wakipelekwa hospitalini kwa pikipiki. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kidonda mguuni, aliyepaswa kufungwa upya mara tatu kwa wiki. Siku moja ya Mei, mvua ikinyesha, pikipiki iliteleza juu ya mawe ya volkano, naye akaanguka pamoja na kijana wetu aliyekuwa amemshika kwa nyuma. Kidonda kilifunguka. Mzee hakulalamika. Alituuliza tu, akiwa amelala kitandani: «Wanangu, gari letu litarudi lini?» Alisema «letu», nasi hatukuwa na jibu ila lile la garajini: wiki ijayo.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta njia ya mkato. Katika safari ile ya tatu, ya mwezi wa Juni, tulibeba dola 20 ndani ya bahasha. Hakuna aliyetuomba. Sisi wenyewe tulimvuta pembeni mfanyakazi mmoja, tukamwambia, «Kaka, hii ni ya maji tu.» Naye akatuahidi kwamba, wakati tunaungoja mlango, ubavu wa gari letu ungeanza kunyooshwa siku ileile. Tulijihesabia haki haraka sana. Tulisema kwamba tunafanya hivyo kwa ajili ya mzee, na kwamba dola 20 si rushwa bali ni shukrani iliyotangulia. Wakongo tunao mzaha wa zamani kuhusu Kifungu cha 15, kile kinachomwambia kila mtu ajitafutie njia. Tulikitumia kifungu hicho kama vile kimo katika Injili.

Katika chumba cha kungojea alikuwamo baba mmoja, dereva wa teksi kutoka Musanze. Tulikuwa tumekaa naye tangu asubuhi. Alikuwa ametueleza kwamba teksi ile ndiyo shamba lake, kwamba imelala pale wiki nyingi, na kwamba siku ile, hatimaye, ilikuwa zamu yake. Kupitia kioo tuliona teksi yake ikisukumwa nje na gari letu likiingizwa mahali pake. Yeye naye aliona. Hakujua sababu. Alitugeukia, akauliza bila hasira yoyote: «Ndugu zangu, na ninyi mnangoja tangu lini?»

Tulirudi Goma bila kuzungumza. Tulikuwa tumedhani kwamba fedha yetu imenunua muda. Muda haukuuzwa pale. Saa za mafundi zilikuwa zilezile, na mahali pa kunyooshea mabati palikuwa pamoja tu. Kuchelewa hakukupungua hata dakika moja. Kulitoka mabegani mwetu kukawekwa mabegani mwa baba yule, naye hakuulizwa.

Vijana wapendwa, tarehe 2 Februari mwaka uleule, Papa Fransisko alikuwa Kinshasa, katika Uwanja wa Mashahidi, akizungumza na vijana na makatekista. Aliwaonya juu ya rushwa, akawatajia kijana wa kwetu Goma, Floribert Bwana Chui. Tulisikiliza, tukapiga makofi. Bahasha yetu ilikuja miezi minne tu baada ya makofi hayo.

Floribert alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akaishi imani yake katika Jumuiya ya Sant'Egidio, ambamo aliwahudumia watoto wa mitaani. Alifanya kazi mpakani katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alipewa fedha ili auache mchele ulioharibika upite, akakataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, alitangazwa Mwenyeheri.

Kabla ya hapo tulikuwa tukimtazama kama shujaa aliye juu sana kwetu. Nani miongoni mwetu atapewa shehena ya mchele aiamue? Lakini baada ya siku ile ya garajini tuliielewa kazi yake kwa namna nyingine. Yeye alijua mchele ule ungeishia wapi. Ungeshuka kutoka kwenye lori, ungefika sokoni, na mama fulani ambaye hakuwako mpakani angewapikia wanawe. Fedha aliyopewa isingeyaondoa madhara yale. Ingeyapeleka tu kwa watu wasioonekana. Sisi tulionyeshwa mtu wetu kupitia kioo. Yeye aliwaona watu wake bila kioo, kwa macho ya imani, akawalinda kwa uhai wake.

Je, basi tulipaswa kukaa kimya na kungoja? Tulilijadili swali hili kwa Jumamosi kadhaa. Wengine walisema kwamba uvumilivu ni kunyamaza na kumwachia Mungu. Dada mmoja aliwajibu kwamba uvumilivu wetu haukuwa ukitugharimu sisi, kwa kuwa sisi hatukuwa na kidonda. Ulikuwa ukimgharimu mzee. Mtu anayevumilia kwa mguu wa mwenzake asijisifu. Ndipo tukasoma habari ya mjane na kadhi katika Injili ya Luka. Mjane yule hakuwa na fedha ya kumpa kadhi, wala hakukaa nyumbani akiugua moyoni. Alikuwa na miguu yake na dai lake la haki, akarudi na kurudi.

Tulianza kwa kitubio. Kisha tukaandika barua kwa mkuu wa garaji, kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Tuliandika tarehe zote na ahadi zote, bila matusi. Tuliomba mambo matatu: namba ya mlango ulioagizwa upya, siku utakapofika, na siku ya kukabidhiwa gari, yote kwa maandishi. Mwishoni tukakiri kwamba tulitoa fedha ili tuwapite wengine, bila kumtaja aliyepokea, kwa maana sisi ndio tulioanza. Tukaomba zamu zirudishwe kama zilivyokuwa.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Ilionekana kwamba, tangu ule mlango usiofaa ufike, hakuna mtu aliyekuwa ameagiza mwingine. Barua yetu ndiyo iliyolifichua kosa hilo. Tulipewa tarehe ya Septemba. Gari lilichelewa siku sita zaidi, lakini safari hii walitupigia simu wao kwanza. Mlango ulifungwa vizuri, na rangi haikuonyesha mahali pa jeraha.

Mtihani wa mwisho ulitukuta mpakani. Kibali cha gari kilikuwa kimeongezwa muda mara moja, kikaisha tena kabla hatujafika. Kijana mmoja, mmoja wa wale wanaozunguka kusaidia watu na karatasi, alitufuata akasema: «Wakubwa, dola 40 tu, tarehe itanyooka.» Faini halali ilikuwa kubwa kuliko hiyo, na saa tisa ilikuwa inakaribia. Tulikuwa saba. Tulisimama kando ya barabara tukapiga kura: wanne walikataa, watatu walikubali. Tulilipa faini, tukangoja stakabadhi, mpaka ukafungwa mbele yetu, tukalala garini upande wa Rubavu tukiyatazama maji ya Ziwa Kivu. Hatukujiona watakatifu usiku ule. Wale watatu walikuwa wamekasirika, na wale wanne walikuwa na njaa. Lakini asubuhi tulivuka na karatasi ambayo kila mtu angeweza kuisoma.

Jumatatu iliyofuata mzee alipanda gari kwa mguu wake mzuri kwanza, tukamsaidia mwingine. Aliupapasa mlango mpya, akatikisa kichwa, akakaa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi ilibaki tupu, naye akaondoka pamoja na wengine. Hatujui alikokwenda. Baba wa teksi hatukumwona tena. Hatuna namba yake wala jina lake, na deni lake bado liko juu yetu. Tunalilipa kwa njia moja tu tuliyo nayo: tunapongoja mahali popote, kwenye bomba la maji, hospitalini au ofisini, tunamtazama kwanza aliye mbele yetu na kumkumbuka yeye.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni lini tulitoa au kupokea «kitu kidogo» ili tuwapite wengine? Kuchelewa kwetu kulimwangukia nani?

2. Je, katika parokia yetu yuko mtu anayelipia uvumilivu wetu kwa mateso yake? Tumwulize nani, na tumwandikie nani?

3. Mwenyeheri Floribert alikuwa kijana wa kazi ya kawaida. Katika kazi au masomo yetu, «mchele ulioharibika» ni upi?

Tuombe

Ee Bwana, wewe unatungoja kila siku bila kuchoka. Utufundishe kungoja bila kumsukuma mwenzetu, na kudai haki bila kununua mtu. Uwakumbuke wote tuliowapita bila wao kujua. Kwa maombezi ya Mwenyeheri Floribert, uilinde mikono yetu mipakani, maofisini na sokoni, na uujalie mji wetu amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.