Aliamini ni baridi ya Kibakwe, kumbe ni ugonjwa

Jioni moja ya Julai 2022, mwiko ulimponyoka mama mmoja wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akiwa anasonga ugali. Alipoinama kuuokota, vidole vilikataa kukunja. Binti yake wa darasa la sita aliuchukua, akauosha, akamalizia kusonga. Hakuna aliyesema neno.

Mama huyo alikuwa na miaka 46. Kwa zaidi ya mwaka mmoja vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vinamuuma na kuvimba, akaona ni jambo la kawaida. Kibakwe ni kwenye milima, Juni na Julai baridi ni kali, na tangu utotoni alisikia wakubwa wakiuita ugonjwa huo baridi yabisi. Dawa yake ikawa sweta, maji ya moto na kukaa karibu na mafiga.

Jina hilo limewapoteza wengi. Baridi yabisi hailetwi na baridi. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili inayopaswa kupambana na vijidudu hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Hali ya hewa inaweza kumfanya mgonjwa ajisikie vibaya zaidi, lakini chanzo si hicho. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60, umri ambao mama bado ni tegemeo la shamba na jiko.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Wakati wa kubangua karanga alikaa pembeni, na mawifi wakaanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu. Akajifunza kuficha. Aliamka saa kumi alfajiri ili viungo vilegee kabla wengine hawajaamka.

Siri nyingine aliifunga kwenye pindo la khanga: vidonge vya diklofenaki, alivyonunua duka la dawa bila cheti cha daktari. Alimeza asubuhi na jioni, mara nyingine tumbo likiwa tupu. Maumivu yalipungua, akashika jembe. Lakini wiki chache baada ya ule mwiko kuanguka, tumbo lilianza kuchoma na choo kikawa cheusi kama lami. Hapo ndipo mumewe alipompakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya.

Dawa za aina hiyo husaidia zikitumika kwa ushauri wa daktari. Zikimezwa kiholela kila siku zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuvuja damu ndani, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Tena hutuliza maumivu tu, huku baridi yabisi ikiendelea kula viungo.

Baada ya tumbo kutibiwa, aliulizwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

"Mama, ukiamka asubuhi, vidole vinachukua muda gani hadi vilegee?"

"Mpaka jua lipande, daktari."

Jibu hilo lilikuwa na uzito. Viungo vilivyochakaa kwa umri na kazi hukakamaa asubuhi, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Kwenye baridi yabisi hali hiyo inaweza kudumu saa nzima au zaidi, na mara nyingi hushika viungo vidogo vya pande zote mbili.

Akapewa rufaa kwenda Mpwapwa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Dodoma, ambayo wengi bado wanaiita General. Kaya yao ya watu sita ilikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, waliyoilipia Sh30,000 kwa mwaka. Kadi hailipi nauli wala malazi, hivyo mume aliuza mbuzi wawili.

Ndani ya basi alimuuliza mkewe kwa nini alinyamaza muda wote huo.

"Ningekwambia nini, baba watoto? Mvua zilikuwa zimeshaanza, shamba linasubiri."

Baada ya vipimo vya damu na picha za mikono, alianzishiwa methotreksati, dawa inayomezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki. Alielezwa kuwa nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na kwamba lazima arudi kupimwa damu ili ini na chembe za damu ziangaliwe.

Leo anaamka na wenzake. Vidole viwili vilivyopinda havijanyooka, na daktari alimweleza wazi kuwa havitanyooka. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa. Ugali sasa husongwa kwa zamu, na mtoto wa kiume naye ana zamu yake.

Kama viungo vyako vinavimba, vinakakamaa kila asubuhi, na hali hiyo imezidi wiki sita, usiulize duka la dawa. Nenda kituo cha afya. Na kama ni mama yako anayeamka kabla ya jogoo, muulize anaumwa wapi.